Mke wa Nguzo

Mwanamume akikupenda, mwache aongee chochote mbele ya baba yako. Aongee mpira, aongee bei ya saruji, akitaka hata aimbe. Asiguse filamu tu. Mimi hilo sikulijua, na ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, niliyemwalika Baba aje kusikiliza.

"Namtazama huyo kijana wako mara moja," Baba aliniambia asubuhi ya Jumamosi ile, huku akimfunga Mama vifungo vya blauzi. "Nikishamtazama natoa neno langu. Na neno langu likishatoka, usinirudie na machozi."

"Sawa, Baba."

"Ndiyo au hapana. Katikati hakuna."

"Nimesema sawa, Baba."

"Maana mimi sielewi. Mtu mzima, ana ndevu, ana kazi yake, anakaa na wenzake kubishana juu ya jitu la filamu linalovaa soksi mpaka kiunoni!"

Mama akatoa kile kicheko chake cha upande mmoja. Tangu kiharusi kilipompiga, mkono na mguu wa kulia vililala, na maneno yakawa yanamjia moja moja, tena kwa kutafutwa. Baba alifunga kibanda chake cha kutengeneza redio akakaa naye. Alimwogesha, alimlisha, alimchana nywele, na kama si dawa au sokoni, hakutoka mlangoni. Watu wakimwambia apumzike alikuwa anawafokea.

Ndiyo maana neno lake lilikuwa zito kwangu. Wapo wasichana wanaoolewa baba amenuna, na maisha yanakwenda. Mimi nisingeweza. Mtu amebeba mzigo kama ule, halafu mimi binti yake wa pekee nimwongezee mwingine? Baba akisema hapana, basi ni hapana, na Fundi wangu nimpungie mkono.

Huyo Fundi alikuwa fundi wa lifti. Alikuja kutengeneza ya jengo letu la kazini, akanikuta nimebeba sinia la meno. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Nachonga nta, namimina plasta, nang'arisha mpaka jino lifanane na lililozaliwa mdomoni. Akalitazama sinia, akanitazama mimi.

"Dada, yote hayo ni yako?"

"Na bado nina nafasi ya kukung'ata wewe."

Akacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. Jamani, kile kicheko! Jioni nilishuka ngazi zote kwa miguu huku lifti imeshapona, ili nipite pale alipokaa akifungasha vyombo vyake. Sioni haya kusema.

Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye klabu ya mashabiki wa Nguzo. Kama humjui Nguzo, ni shujaa ambaye akikita miguu ardhini, hakuna kinachomsogeza. Treni itamgonga, mafuriko yatampiga, ghorofa litamwangukia mabegani. Yeye yupo tu. Ila katika filamu ya zamani, ile tuliyokua nayo, akishakita hawezi kujing'oa mwenyewe. Lazima mkewe aje, amshike kidole cha mwisho, amwambie, "Basi, mume wangu, twende nyumbani." Hapo ndipo miguu inaachia.

Sasa mwaka huu wameitengeneza upya. Vazi jipya, adui mpya, milipuko ya kukutoa kitini. Na mke wamemwondoa. Nguzo mpya hana mke, anajing'oa kwa hasira zake.

Weee! Klabu iliwaka moto.

Tunakutana chumba cha juu ya duka la rangi, na ukitoka huko nguo zinanuka tapentaini mpaka Jumatatu. Mwenyekiti wetu ni mwalimu wa hesabu, mama mmoja mkali, anayetuongoza kwa rula. Jambo likigawanya watu tunafanya mdahalo, na pande hazichaguliwi. Mimi naleta kopo la meno yaliyoharibika kazini, wasemaji wawili wanachomoa bila kutazama. Anayepata gego atatetea ya zamani, anayepata jino la mbele atatetea mpya. Ukishachomoa, jino unalificha mfukoni na upande wako unaupigania kama umezaliwa nao. Ni mwiko kuonyesha jino, ni mwiko kusema "mimi nilipangiwa tu", mpaka kura ipigwe Jumamosi inayofuata. Mwalimu anasema huwezi kukijua kitu mpaka umekitetea bila kukipenda.

Mwanachama hahitaji kuelezwa. Baba hakuwa mwanachama. Na Baba alifika tumeshachomoa, akaketi nyuma karibu na mlango, kofia magotini. Nilimsalimia, nikampa soda, nikaona mambo yako sawa. Wazo la kumwambia habari ya meno hata halikunijia kichwani.

Kinyozi ndiye aliyeanza, upande wa zamani.

"Kwanza joho," alisema, akisimama kama anamwita mteja. "Wamelitoa joho! Shujaa bila joho ni mteja aliyeinuka kitini kabla sijamaliza kisogo. Mbele mzuri, nyuma aibu."

Watu wakacheka. Fundi wangu akanyanyuka taratibu. Alikuwa amevaa shati la bluu, lile ninalolipenda, na kabla hajafungua mdomo alinitafuta kwa macho. Yale macho yalinikuta, yakanikalia kidogo, moyo wangu ukaenda mbio kama wa mtoto aliyeiba sukari.

"Mimi natengeneza lifti," alisema. "Naomba mniamini kuhusu joho. Joho lile na milango ya lifti, siku moja tungemzika Nguzo ghorofa ya tatu."

Hata Baba alitabasamu. Nililiona tabasamu lake na nikamshukuru Mungu.

"Adui wa safari hii ana sababu," Fundi aliendelea. "Yule wa zamani alikuwa anacheka tu. Anaamka, anacheka, anabomoa daraja, anacheka. Alikuwa mbaya kwa sababu gani? Hakuna! Huyu mpya nyumba yake ilibomolewa, tunamwona akiokota viatu vya mwanawe. Ukitoka sinema unamwonea huruma adui. Hiyo ni kazi."

"Na giza lile?" Kinyozi akamkata. "Nusu ya filamu sikuona kitu. Nilikuwa natazama kichwa cha mtu wa mbele yangu, tena kimenyolewa vibaya."

"Giza nakubali. Giza wameharibu."

"Haya, na mke? Mke wa watu mmempeleka wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa linawauma wote. Fundi akashika kiuno, akatabasamu lile tabasamu la mtu anayejua ana chake.

"Mke alikuwa anapunguza kasi."

"Aaaah!" Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi.

"Semeni ukweli! Jengo linaanguka, watu wanalia, sisi tunamsubiri mama wa watu azime jiko, atafute viatu, afunge mlango, apande basi, ndipo aje kumshika mume kidole. Mwanamume aliyefungwa kwa mke hasogei! Anaoza pale pale aliposimama. Huyu mpya yuko huru, anakwenda anakotaka. Na tena huyo mke mwenyewe..."

"Muda!" Rula ya Mwalimu ikalia mezani.

Makofi yalivuma. Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama Baba, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba. Alivaa kofia yake polepole, akaweka chupa ya soda chini bila hata kuimaliza, akanijia.

"Nimesikia," alisema kwa sauti ya chini. "Nakwenda. Mama yako amekaa na jirani vya kutosha."

"Baba, subiri kwanza, hapa kuna..."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi si kiziwi."

Akatoka. Mguu mmoja ulinituma nimfuate, mwingine ulitaka kumpiga teke mtu mwenye shati la bluu. Ulishinda wa pili. Nilimvuta Fundi mkono mpaka kwenye ngazi.

"Umefanya nini?"

"Nimetetea upande wangu. Nimevurunda wapi?"

"Baba yangu ni nani? Hujui? Baba yangu anafanya nini kutwa nzima nyumbani?"

Niliona jambo lenyewe likimwingia usoni, kidogo kidogo, mpaka akakaa kwenye ngazi akashika kichwa.

"Mama yako," alisema.

"Mama yangu! Unasimama pale unamwambia mtu aliyeacha kazi yake kwa ajili ya mke, eti anaoza!"

"Nilikuwa sijamaliza. Mwalimu alinikata."

"Ulimaliza! Umenimaliza mimi!"

Nikaanza kulia, na mimi nikilia sipendezi, pua inavimba. Alisimama akanifuta kwa kiganja chake kinachonuka grisi siku zote hata akikisugua namna gani, na hasira zangu nilizokuwa nazishikilia kwa mikono miwili zikaanza kuniponyoka.

"Twende kwenu," alisema.

"Twende ukamwambie ilikuwa jino. Ulichomoa jino la mbele, hukuchagua. Neno moja tu, basi, yamekwisha."

"Tutavunja mwiko."

"Nitakuvunja wewe."

Tulipofika, Baba alikuwa amepiga goti anamvalisha Mama kandambili. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, jua la jioni magotini. Jirani alikuwa ameshaondoka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," Baba alijibu bila kugeuka. "Umefuata nini?"

"Nimefuata maneno yangu, mzee. Yalitangulia huku bila mimi."

Sikumpa Baba nafasi. "Baba, ilikuwa bahati nasibu! Wanachomoa meno! Yeye alichomoa jino la mbele, na jino la mbele ni filamu mpya, hata kama huipendi lazima uitetee!"

"Meno?" Baba akageuka. "Meno ya nani?"

"Ya kazini kwangu!"

Nikamweleza yote, kopo, gego, mwiko, Mwalimu na rula yake, nikijikwaa kwa haraka. Baba alisikiliza uso umekunjamana. Kisha ile mikunjo ikaanza kulegea. Alimtazama Fundi.

"Kwa hiyo yale hayakuwa maneno yako."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, "Hayakuwa yangu, mzee." Neno dogo namna hiyo! Baba ameshalainika, mimi nimeshaanza kuvuta pumzi, nimeshajiona nimeolewa. Nikamtolea Fundi macho, sema, sema mwenzangu.

"Jino ni kweli, mzee," Fundi alisema. "Lakini jino lilinipa upande tu. Maneno niliyatafuta mwenyewe."

Ningekuwa na koleo yangu karibu ningemng'oa ulimi.

"Naomba unisikilize, kisha unifukuze," aliendelea. "Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Nyumbani alirudi akikwama tu. Gari likiharibika, anarudi. Homa ikimpiga, anarudi. Mama anamuuguza, anamfulia, anamnyanyua, na akishanyanyuka, huyo, amekwenda. Nilipokuwa mdogo nikiitazama ile filamu ya zamani, watu wengine walimwona Nguzo. Mimi nilimwona mama yangu. Yule mke haonekani mpaka mume akwame. Hana kazi, hana rafiki, hatujui hata anapenda nini. Kazi yake ni kusubiri kuitwa. Nikasema afadhali wamtoe kabisa kuliko kumweka vile. Hilo ndilo nililotaka kulisema, muda ukanikata. Lile la kupunguza kasi lilikuwa mzaha wa kuchekesha watu, na nimekuumiza nalo. Naomba radhi, mzee."

Baba aliinuka. Magoti yalimlia.

"Sasa nisikilize na mimi. Ile filamu niliitazama na huyu mama, huyu binti akiwa tumboni. Pale mke anapomshika kidole, anamwambia twende nyumbani, mama huyu alilia mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka."

"Sikulia," Mama alisema.

Sote tuligeuka. Ilikuwa nadra neno kumtoka safi namna ile.

"Ulilia, mke wangu."

"Wewe," Mama alisema, akimnyooshea kidole cha mkono mzima. "Wewe... ulilia."

Baba akakohoa. Mimi nikatazama dari nisicheke.

"Hata kama ni mimi," Baba alisema, na sauti yake ikakatika kidogo. "Mimi nilijifunza pale mapenzi ni nini. Kumbe kwa vijana ni kuoza. Mimi nimekita miguu hapa, kijana. Sijasogea tangu augue, na sijutii hata siku moja. Usije ukaniambia..."

"Mpya," Mama alisema.

"Nini, mke wangu? Maji?"

"Mpya. Filamu." Alikuwa analitafuta neno, midomo ikihangaika, na sisi tukasubiri, maana kumsaidia neno hataki. "Mpya... nzuri."

"Hujaitazama hata!"

"Yule mke." Mama akatikisa kichwa. "Anasubiri tu. Sipendi."

Fundi alimtazama Mama kama mtu aliyekuta ndugu yake ugenini.

"Leo umetoka," Mama akasema.

"Nilitoka kwa ajili ya huyu. Nimechelewa, najua, nisamehe."

"Umetoka. Jirani... tumepiga soga. Nimecheka." Akanyanyua mkono mzima, akasogeza kidole gumba na cha shahada, akionyesha kiasi kidogo. "Toka. Kidogo. Uwe... unatoka."

"Unataka nikuache peke yako?"

"Nakupenda," Mama alisema bila kukwama hata mara moja. "Toka."

Loo! Baba alikaa kwenye mkono wa kochi kana kwamba ameambiwa habari ya kifo, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka nilipoona meno yake. Alikuwa anafanya yote mawili. Mama akauchukua mkono wa Baba akauweka kwenye shavu lake, lile linalohisi. Fundi akageuza uso, na mkono wake ukaupata wangu nyuma ya kiti, vidole vyake vikaingia kati ya vyangu. Niliona haya kushikwa mkono mbele ya wazazi wangu, lakini sikuutoa.

Baada ya muda Baba alijifuta kwa kofia yake, akamkazia Fundi macho.

"Binti yangu akiolewa na wewe, hayo meno yake?"

"Ataendelea nayo, mzee. Mimi na lifti zangu, yeye na meno yake."

"Na ukikwama?"

"Nitajaribu kujing'oa mwenyewe kwanza. Nikishindwa nitamwita. Naye akikwama aniite, nami nitaacha nilichoshika."

"Hiyo haimo kwenye filamu yoyote, si ya zamani wala mpya."

"Wataitengeneza tena, mzee. Wale watu hawachoki."

Baba alitaka kukunja uso, akashindwa. Kisha akakumbuka yeye ni nani na kilichotukalisha pale, akajinyoosha.

"Nilisema nitatoa neno langu leo. Lakini mambo yamekuwa mengi. Mtu alikuja na upande mmoja, akaugeuza, akaugeuza tena. Nahitaji kufikiri. Pengine wiki ijayo, pengine mwezi..."

"Baba, ulisema katikati hakuna!"

"Nyamaza wewe, nazungumza."

"Mama yako," Mama alisema.

Alikuwa anamtazama Fundi. Fundi aliinama karibu na kiti ili Mama asihangaike kuinua kichwa.

"Naam, mama?"

"Mama yako. Aje hapa. Akae... na mimi." Akapumua. "Lini?"

Mama wa mchumba anaalikwa na nani, kama si na mwenye nyumba aliyekwisha kukubali? Nilimtazama Baba, na roho yangu yote ilikuwa machoni pangu. Baba alimtazama mkewe. Kisha akaweka mkono begani kwa Fundi.

"Umeulizwa, mwanangu," alisema. "Jibu."

Na yule mwanamume aliyepiga domo mchana kutwa, aliyetetea adui na shujaa asiye na joho wala mke, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na machozi yakamtoka bila neno hata moja. Ikabidi nimjibie.

"Kesho, Mama," nilisema. "Anakuja kesho."